Unataka kuzamia Pemba? Soma upepo na bamvua kabla ya kukata tiketi

Aliyejifunza kupiga mbizi Unguja, iwe Nungwi, Kendwa au Mjini, amelelewa na bahari ya upole. Miamba kama Murogo na Bawe ina mchanga chini yake kwenye mita kumi na kitu, boti inaelea juu ya kichwa, na ukitokeza mbali kidogo nchi kavu unaiona. Pemba ni bahari nyingine. Unguja imekaa juu ya kina kifupi kilichoungana na bara, ilhali Pemba imetengwa na bara kwa mkono wa bahari wenye kina cha mamia ya mita. Katika sehemu nyingi za magharibi ya kisiwa, ukuta wa mwamba unaanza mita tano au kumi chini ya uso wa maji, kisha unateremka mpaka macho yanakoma. Hakuna mchanga wa kukupokea ukizama kupita kiasi.

Uzuri wa Pemba unatoka hapo, na safari zinazoharibika zinatoka hapo pia. Mara nyingi mtu huanza na jina la mwamba aliloliona kwenye picha, akakata tiketi, akaomba ruhusa kazini, kisha akafika siku ambayo maji yanatoka kwenye milango ya bahari, yaani mapengo kati ya visiwa na miamba, kwa kasi na yamechafuka kama ya mtoni. Mwamba hauna kosa, tarehe ndiyo iliyokosewa. Kwa hiyo panga kinyume: upepo kwanza, bamvua (siku za maji makubwa ya kujaa na kupwa) pili, uwezo wako tatu, njia ya kukutoa ukiumia nne. Mwamba uje mwisho, na mara nyingi utakuwa umeshajichagua wenyewe.

Upepo

Kaskazi huvuma takriban Disemba hadi Machi. Bahari ina joto, digrii 28 hadi 30, na pwani ya magharibi ya Pemba inapata kivuli cha kisiwa. Kusi hushika kuanzia karibu Aprili, huwa kali Juni hadi Agosti, na maji hushuka hadi digrii 24 au 25. Kati ya pepo hizi mbili kuna maleleji, bahari inapotulia. Huo ndio wakati wa dhahabu kwa Pemba: Oktoba na Novemba, halafu Februari na Machi, kaskazi inapofifia na kabla mvua hazijashuka. Siku nzuri za miezi hiyo mtu huona mita 30 mbele yake. Katikati ya kusi, mita 10 hadi 15 ni jambo la kawaida.

Masika ya Aprili na Mei usiyaweke kwenye hesabu. Mvua inasomba udongo kupitia vijito na mikoko ya magharibi hadi ndani ya mwamba, yaani kwenye maji yaliyo kati ya kisiwa na mwamba wa nje, na maji yakipwa udongo huo hutoka kwenye milango. Isitoshe, baadhi ya vituo hufunga. Vuli ni nyepesi zaidi: mvua ya usiku mara nyingi haikuzuii kuzamia asubuhi.

Kusi haimaanishi usiende kabisa. Julai hadi Oktoba nyangumi wa kibyongo hupita maji yetu, na magharibi ya kaskazini bado kuna siku za kufaa. Ila kusini, upande wa Panza, mawimbi hufika bila kizuizi, na boti inaweza kukaa bandarini siku mbili tatu mfululizo. Ukienda wakati wa kusi, ongeza siku moja ya akiba na uchague kulala kaskazini.

Bamvua na maji mafu

Sehemu hii ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Tofauti ya maji kujaa na kupwa katika visiwa vyetu hufikia karibu mita nne wakati wa bamvua. Wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kidogo tu, hushuka hadi mita moja na kidogo. Maji yote hayo, yanapoingia na kutoka ndani ya mwamba wa magharibi ya Pemba, hupita kwenye milango michache: Njao, Fundo, Uvinje. Mlango mwembamba na maji mengi ni mkondo mkali. Hakuna siri zaidi ya hiyo.

Kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani inakusaidia kuliko programu nyingi za simu. Bamvua hufika kileleni siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, yaani karibu tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17. Maji mafu huangukia karibu tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24. Na saa zake nazo zina utaratibu. Siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, hupwa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka: yanajaa karibu saa nne asubuhi. Kila siku muda husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Kwa dakika kamili tumia jedwali la maji la bandari, lakini kwa kupanga safari miezi mitatu kabla, kalenda inatosha.

Sasa unganisha hayo na ratiba ya kituo cha mbizi. Boti nyingi hutoka asubuhi. Siku ya maji mafu, kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, maji maangavu ya bahari kuu yanaingia polepole kupitia mlango, yanakusogeza kuelekea ndani, na yanakaribia kusimama. Mpiga mbizi wa kawaida hahitaji kingine. Siku ya bamvua, saa hizo hizo maji bado yanatoka: ni ya ndani ya mwamba, yamebeba matope na majani ya mikoko, na yanakusukuma kwenda bahari kuu ambako chini yako hakuna kitu. Ukisubiri mpaka saa tano maji safi yanaanza kuingia, lakini kasi yake hupanda haraka.

Kasi haigawanyiki sawa. Gawa muda wa kupwa au kujaa katika saa sita: saa ya kwanza maji husogea sehemu moja kati ya kumi na mbili, ya pili sehemu mbili, ya tatu na ya nne sehemu tatu tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Maana yake nusu nzima ya maji hupita katika saa mbili za kati. Kwa bamvua ya mita nne, hizo ni mita mbili za maji ya bahari zikipenya mlangoni ndani ya saa mbili. Zamia kwenye mlango katika saa ya mwisho ya kujaa, au maji yanaposimama, na usikubali kuingizwa katikati wakati wa kupwa.

Kwa hiyo, kama una mbizi chini ya 50 au hujawahi kuzamia kwa mkondo, weka safari yako tarehe 21 hadi 25 au 7 hadi 11 ya mwezi wa Kiislamu. Wazoefu hupenda siku zilizo kati ya maji mafu na bamvua, kwa sababu mkondo ukiamka samaki wakubwa hukusanyika kwenye kona za ukuta: kolekole, mizia, jodari, na chewa wanaokaa wakitazama.

Mbali na kujaa na kupwa kuna mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki, unaokwenda kaskazini mwaka mzima na kupata nguvu wakati wa kusi. Ndiyo maana mpango wa asubuhi hubadilishwa nahodha akishafika na kutazama maji. Nahodha anayebadilisha mahali baada ya kutupa jicho baharini anafanya kazi yake vizuri. Usimlazimishe.

Pima uwezo wako kwa namba

Cheti cha kwanza kinakuruhusu mita 18, cha pili mita 30. Ukutani namba hizo zinavukwa bila kujijua, kwa kuwa hakuna chini ya kukusimamisha. Kipimo cha kweli cha utayari ni hiki: je, unaweza kukaa mita tano kwa dakika tatu, bila kushika kamba, ukiangalia kompyuta yako ya mbizi (inayoonyesha kina na muda), bila kupanda wala kushuka zaidi ya nusu mita? Kama bado, zifanye mbizi nne tano zaidi Mnemba au Hunga ukifanyia mazoezi jambo hilo moja. Ni fedha iliyotumika vizuri kuliko tiketi ya Pemba.

Hewa nayo ihesabu. Chukua mtungi wa lita 12 uliojazwa baa 200 (baa ni kipimo cha mgandamizo). Ukiacha akiba ya 50, una 150, sawa na lita 1,800 za hewa. Mtu mtulivu anavuta karibu lita 20 kwa dakika akiwa juu. Kwenye mita 20 mgandamizo ni mara tatu, kwa hiyo anavuta lita 60, na hewa hiyo ni ya dakika 30. Kwenye mita 30 anavuta lita 80: dakika 22. Ukipigana na mkondo, uvutaji huongezeka maradufu kwa urahisi na dakika 22 zinakuwa 11. Hapo ndipo watu huishiwa, na chanzo ni miguu inayopiga bila mpango. Ukisukumwa na mkondo, jiachie uende nao karibu na ukuta. Ukitaka kusimama kutazama kitu, jifiche nyuma ya kona ya mwamba.

Kwenye kuta kuna pia mkondo unaoshuka. Dalili yake ni mapovu yako yanayozunguka au kushuka badala ya kupanda. Usipambane nao kwa kuogelea kwenda juu. Shika mwamba mgumu ukiwa karibu, au sogea pembeni, mbali na ukuta, mpaka utoke kwenye njia yake. Tia hewa kwenye jaketi la kuelea kidogo kidogo, na mara tu unapoachiwa itoe, usije ukarushwa juu.

Ikiwa hujazamia kwa miezi sita au zaidi, fanya mbizi ya kujikumbusha nyumbani Unguja. Kufanya hivyo Pemba ni kupoteza siku ya gharama kubwa.

Kaskazini, Misali au kusini

Pemba ina urefu wa karibu kilomita 67, na barabara yake inapanda na kushuka vilima. Mahali unapolala ndipo panapoamua utazamia wapi. Usidhani utakaa Mkoani na kuzamia Njao kila siku.

Kaskazini, kuelekea Makangale na Ras Kigomasha, unapata milango ya Njao na Fundo na kuta zake za nje. Ndiko kwenye chaguo pana zaidi, kwa kuwa upepo ukikataa upande mmoja, ndani ya mwamba kuna pengine pa kujificha. Usiende kwa sababu ya jina Manta Point peke yake. Samaki wakubwa aina ya taa (manta) walioupa mwamba huo jina si ahadi, na anayekuahidi kuwaona usimwamini.

Misali iko magharibi ya Chake Chake, na boti huondokea Wesha. Ni kisiwa kidogo cha hifadhi, kilicholindwa tangu 1998, na sasa kimo ndani ya eneo la hifadhi ya mkondo wa Pemba lililotangazwa 2005. Kina matumbawe ya kina kifupi upande mmoja na ukuta upande wa pili, kwa hiyo kinafaa kikundi chenye mchanganyiko wa wageni na wazoefu. Joto la bahari la 1998 liliua matumbawe mengi hapo, na yamekuwa yakirudi kwa kasi tofauti tofauti. Omba picha za mwaka huu, zilizopigwa kwenye kina kisichozidi mita 10, maana kina kifupi ndicho kinachoumia kwanza. Wavuvi hupiga dago, yaani kambi ya uvuvi, Misali. Waamkieni, msiwapige picha bila ruhusa, na boti isipite juu ya nyavu zao. Ni heshima ya kawaida, na pia ndio watakaokuona wa kwanza ukichukuliwa na maji.

Kusini, upande wa Panza, kuna mabaki ya meli ya mizigo ya Kigiriki, Paraportiani, na miamba yenye samaki wengi. Hapo ni pa kaskazi na maleleji tu. Pwani ya mashariki ya Pemba imeachwa wazi kwa bahari kuu: iache mpaka uwe na mbizi nyingi za mkondo na uwe na nahodha anayeijua kwa jina la kila kichwa cha mwamba.

Mwulize kituo kabla ya kutuma fedha

Simu ni bora kuliko ujumbe, lakini ujumbe unabaki kama ushahidi. Unaweza kuandika hivi:

"Assalaam alaykum ndugu yangu. Natarajia kuja Pemba kuanzia tarehe 21 hadi 25 ya mfunguo nne, inshaallah. Nina cheti cha mita 30, mbizi 46, ya mwisho miezi mitatu iliyopita; kwa mkondo nimezamia mara nne. Naomba kujua: siku hizo mtazamia wapi asubuhi, na kwa nini hapo? Kiongozi mmoja anachukua watu wangapi? Boti ina mashine ngapi, na ina redio? Oksijeni mnayo chupa ngapi na za lita ngapi? Mtu akiumia mnampeleka wapi, kwa chombo gani? Bei ni pamoja na ada ya hifadhi, vifaa na mafuta? Mkaazi analipa ngapi? Ahsante sana."

Swali la "kwa nini hapo" ndilo linalopima. Anayejua bahari yake atakutajia upepo na maji: "siku hizo maji yanajaa asubuhi, tutaingia Fundo saa tatu." Anayesema "tunakwenda popote unapotaka, hakuna shida" hajakujibu. Kwenye mkondo, kiongozi mmoja kwa wapiga mbizi wanne ni kiwango tunachokiona cha busara. Wakifika sita, wa nyuma hana mtu. Mashine mbili za boti ni lazima nje ya mwamba, kwa sababu mashine moja ikizima wakati wa kupwa, boti na wapiga mbizi wanachukuliwa pamoja.

Ukifika, ona kompresa, mashine ya kujazia mitungi. Mdomo wake wa kuvutia hewa uwe juu ya upepo, mbali na moshi wa injini. Omba daftari la kubadilisha filta. Fungua valvu ya mtungi kidogo kwenye kitambaa cheupe: doa la mafuta au harufu yoyote ni sababu ya kukataa mtungi huo. Fahamu kwamba hewa yenye moshi wa injini inaweza isiwe na harufu kabisa, kwa hiyo daftari na mpangilio wa mashine vina uzito kuliko pua yako. Mtungi uliojazwa haraka huwa wa moto. Geji ikisoma 200 ukiwa moto, ukipoa utashuka. Soma tena ndani ya boti.

Ukitumia hewa yenye oksijeni ya asilimia 32, kikomo chake ni karibu mita 33. Pima mtungi wako mwenyewe, na usikubali kupimiwa na mwingine. Ukutani mpaka huo unapitwa kwa kupiga miguu mara chache.

Oksijeni na njia ya kutoka

Ugonjwa wa mapovu ya naitrojeni unaweza kumpata hata aliyefuata kompyuta yake. Ganzi, maumivu ya viungo, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida baada ya kupanda: mtu apewe oksijeni safi mara moja na asaidiwe kufika hospitali, bila kusubiri kuona kama itapita. Na asirudishwe majini.

Hesabu ni rahisi. Oksijeni hutolewa lita 15 kwa dakika. Chupa ya lita 5 iliyojazwa 200 ina lita 1,000, yaani dakika 66. Kutoka Ras Kigomasha mpaka Mkoani, penye Hospitali ya Abdulla Mzee, saa moja haikutoshi ukijumlisha muda wa boti kufika ufukweni. Kituo cha kaskazini chenye chupa moja ndogo hakijajiandaa. Ombeni kuiona, fungueni, someni geji. Chupa tupu yenye kibandiko kizuri haimsaidii mtu.

Kuhusu chemba ya mgandamizo, yaani chumba cha kutibia ugonjwa huo, usiridhike na jibu la "ipo". Uliza iko wapi, nani anaiendesha, na kituo kimewasiliana nayo lini. Chemba huharibika na kufungwa, na ile iliyofanya kazi mwaka jana inaweza kuwa imefungwa leo. Bima ya kawaida ya safari mara nyingi haigusi mbizi, au inaishia kwenye kina fulani. Soma sharti hilo, halafu andika namba ya dharura ya bima kwenye karatasi ndani ya begi lako, si kwenye simu peke yake.

Ndege au boti

Ndege ndogo kutoka Unguja hadi Chake Chake ni safari ya karibu nusu saa. Boti ya kasi kutoka bandari ya Malindi, Unguja, hadi Mkoani huchukua saa kadhaa, na si ya kila siku. Uchaguzi huu unagusa mbizi zako moja kwa moja. Baada ya mbizi moja isiyohitaji kusimama njiani wakati wa kupanda ili kutoa naitrojeni, subiri saa 12 kabla ya kuruka. Baada ya mbizi kadhaa za siku kadhaa, saa 18. Watu hubisha kwamba ndege ya Pemba haipandi juu sana. Urefu wa ndege huamuliwa na rubani na mawingu, na ndege hizo ndogo hazina mgandamizo wa ndani. Shika saa 18.

Njia tunayoipendekeza ni kwenda kwa ndege na kurudi kwa boti, bahari ikiwa shwari. Unaongeza siku ya kuzamia ambayo msafiri wa ndege anaipoteza akisubiri. Wakati wa kusi, hata hivyo, maji ya kati ya Nungwi na Pemba hutesa. Kama unalevywa na bahari, meza dawa saa moja kabla ya kupanda, na uwe umeijaribu nyumbani, kwa sababu nyingine huleta usingizi mzito usiofaa kwa mbizi.

Ndege hizo kwa kawaida huruhusu kilo 15 tu, begi laini. Beba miwani yako, kompyuta, regyuleta (kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi), suti na boya. Vingine kodi huko. Suti ya milimita 3 inatosha wakati wa kaskazi, milimita 5 wakati wa kusi, na ukihamia nene ongeza kilo moja au mbili za risasi (vizito vya kukuzamisha). Uliza vichwa vya mitungi yao ni vya kubana au vya kuparafuza, ubebe kiunganishi kinachofaa. Betri za tochi zikae kwenye begi la mkononi. Boya liwe na urefu wa mita moja na nusu angalau, na kamba ya mita 20 kwenye kigurudumu, pamoja na filimbi. Kichwa cha mtu kwenye mawimbi ya kusi hakionekani mbali, boya la rangi ya chungwa linaonekana.

Fedha na kalenda

Usilinganishe bei ya mbizi moja kwa moja. Jumlisha kila kitu, nauli, malazi, vifaa, ada, chakula, kisha gawa kwa mbizi utakazozifanya kweli. Safari ya siku tano ina siku tatu za kuzamia: siku ya kufika na ya mwisho zitoe. Mbizi mbili kwa siku ni sita, toa moja ya hali ya hewa, zinabaki tano. Ukikaa siku saba zinakuwa tisa, na nauli ni ile ile. Kwa Pemba, safari fupi ndiyo ghali.

Ramadhani ihesabu mapema. Aliyefunga amepungukiwa na maji mwilini, na hilo linahesabiwa miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa mapovu. Nahodha na kiongozi wako huenda wamefunga pia, kwa hiyo mbizi iwe moja, fupi, ya asubuhi, au safari isogezwe mbele mpaka baada ya Idi. Na mwezi wowote, ukipita kijijini kutoka botini, jifunge kanga au vaa shati juu ya suti.

Kama tarehe zako hazikubaliani na Pemba, usilazimishe. Mafia, kwenye hifadhi ya bahari ya kwanza Tanzania, iliyoanzishwa 1995, ina ghuba ya Chole inayozamika hata wakati wa kusi, na papa shilingi upande wa Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi, ambao hutazamwa kwa kuelea juu bila mtungi. Unafika kwa ndege kutoka Dar es Salaam au kwa boti kutoka Nyamisati. Kisite, karibu na Shimoni nchini Kenya, ni kina kifupi chenye samaki wengi, nzuri kwa kaskazi na kwa mpiga mbizi mpya. Anayefikiria Bahari ya Shamu upande wa Misri ajue kwamba Februari maji ya kaskazini yake hushuka hadi digrii 21 au 22, suti ya milimita 3 haitoshi, na boti nyingi za kulala baharini hudai idadi fulani ya mbizi zilizoandikwa kwenye daftari.

Mbizi ya kwanza ukifika

Omba mahali pepesi, ndani ya mwamba, mita 15, hata kama una mbizi mia mbili. Mtungi ni mwingine, jaketi ni la kukodi, chumvi na suti vimebadilika. Kabla ya kuruka, vuta pumzi nne ukitazama geji: sindano ikicheza, valvu haijafunguliwa vizuri. Mwishoni mwa mbizi, ukiwa na 50 kwenye mtungi, toa hewa yote kwenye jaketi ukiwa mita tano. Ukiweza kukaa hapo ukivuta pumzi ya kawaida, risasi zako ni sawa. Ukipanda, ongeza kilo moja, ukizama, punguza. Mtungi wa alumini hupoteza kilo mbili hewa inapotumika, kwa hiyo kipimo kinachofanywa mtungi ukiwa umejaa kinadanganya. Andika uzito huo kwenye daftari, pamoja na unene wa suti na ukubwa wa mtungi, halafu mwambie kiongozi uko tayari kwa ukuta.